Gemu Iliyokuja Ndani ya Kiroba

Kwa miaka mingi, kila kijana aliyeniuliza niligusa kompyuta kwa mara ya kwanza wapi, nilimjibu: chuo kikuu, Dar es Salaam, maabara ya ghorofa ya pili, kiyoyozi kinavuma. Ni jibu zuri. Lina ghorofa, lina kiyoyozi. Nimelitoa kwenye semina za wajasiriamali na watu wakapiga makofi.

Si kweli. Mashine ya kwanza niliyoigusa ilikuwa gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Iliingia nyumbani kwetu Bonga ndani ya kiroba cha pumba, na watu wote walisema ni ya wizi. Ukiniuliza kama kwetu kulikuwa na gemu, nilikuwa nakana. Niliikana shuleni, nikaikana chuoni, na mume wangu nikamwambia waliokuwa nayo ni watoto wa jirani.

Aliyeileta ni baba. Kama aliiba au hakuiba, hilo ndilo swali lililokaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga, likakaa mpaka ikabidi lijibiwe ndipo ijulikane nani atamzika.

Naandika kwa ajili yenu mnaoshika bisibisi pale karibu na stendi ya Babati, hasa nyinyi mlionunua vifaa vyangu nilipofunga duka. Nimestaafu. Mtu aliyejiajiri hapewi barua wala keki. Macho yanagoma kuona skrubu ndogo, halafu yanagoma kuona kubwa, basi unajinunulia soda, unajipongeza na kufunga mlango. Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Ningeweza kuandika mapema kidogo, ila kulikuwa na mtu ambaye ilibidi azikwe kwanza, na huyo si baba yangu.

Baba aliendesha mashine ya kusaga pale Bonga, kwenye barabara ya Dodoma. Mashine ilikuwa ya Mzee Zakaria, mfanyabiashara aliyehamia kwetu, mwenye nyumba ya bati jipya na mtoto wa kiume, Elifuraha, anayesoma bweni. Umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia. Injini ya dizeli ilizungusha mashine kwa mkanda mrefu, na baba, ambaye hakuweza kukiona kitu kinazunguka akakiacha kizunguke bure, alifunga dainamo ya lori pembeni yake. Injini ikisaga, dainamo inachaji betri ya gari. Jioni betri inapanda baiskeli inakuja nyumbani.

Ilikuja kuwasha televisheni. Tulikuwa nayo moja ndogo, ya nyeusi na nyeupe, ambayo baba aliipata kama chuma chakavu kwa Fundi Gwandu, mtengeneza redio wa Nangara. Matangazo yalikuwa hayafiki Bonga, kwa hiyo tuliangalia chenga, zile nukta nyeupe za skrini isiyo na picha. Simfanyii mtu utani. Wageni walikuja, wakakaribishwa chai, tukakaa nao kuangalia chenga. Mama alikuwa akipita na ndoo anauliza, "Mvua hiyo haijakatika tu?"

Halafu siku moja baba akarudi na kiroba cha pumba. Mama akakipokea, akaenda kukimimina kwenye beseni la kuku, na ndani ya pumba kikaanguka kidude cha kijivu chenye nyaya na pedi mbili.

"Baba Paulina, hii nini?"

"Gemu."

"Inaliwa?"

"Ya watoto."

"Umeitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Nimepewa, mama."

Mama alijibiwa hivyo hivyo kila alipouliza, mpaka akaingia kaburini bila jibu jingine.

Baba alichuna nyaya, akaunganisha, akapunguza nguvu ya betri kwa ujanja wake ambao leo ningemfukuzia kazi mtu yeyote dukani kwangu. Chenga zikatoweka. Palipokuwa na chenga pakatokea kimtu kidogo kimesimama, kinasubiri. Nikabonyeza kitufe, kikaruka.

Nawaambia ukweli, wanangu. Nimefundishwa mambo mengi baada ya pale, na mengine yalinigharimu usingizi wa miaka. Hakuna hata moja lililonishika kama lile: kwamba kidole changu kiko hapa, jambo linatokea kule, na aliyelifanya ni mimi. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano ambaye hakuna kitu duniani kilichokuwa kinamsikiliza. Hata kuku walinipuuza.

Tatizo lilikuwa betri. Wanawake wakileta mahindi kwa wingi, injini inanguruma mchana kutwa, na jioni tunacheza mpaka mama anazima. Wasipoleta, betri inarudi nusu, picha inaanza kusinyaa kutoka pembeni, na kile kimtu kinaishia kuruka mashimo ndani ya nafasi ya kiberiti. Basi mimi na wadogo zangu tukaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo mama. Unga bado upo?"

"Marahaba. Upo. Kwani?"

"Hakuna, mama. Leo mashineni hakuna foleni kabisa. Hata ukienda sasa hivi, unasagiwa."

Na nyumbani tulikula ugali kama tumetumwa. Niliomba nyongeza nikiwa nimeshiba, unga uishe, mama apeleke mahindi. Jirani mmoja akamwita mama kando akamuuliza kwa upole kama kuna ugonjwa wa minyoo.

Kumbe tulikuwa tunajitangaza wenyewe. Watoto wa Bonga nzima walishajua kwetu kuna nini, na jambo ambalo watoto wanalijua, mwenye mali hachelewi kulisikia.

Mzee Zakaria alikuja kwetu mchana na askari wa mgambo, akaichukua gemu, akaenda nayo mashineni ambako baba alikuwa kazini. Tuliwafuata. Kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama na sado zao za mahindi, foleni ambayo nusu yake nilikuwa nimeiita mimi.

"Bura," akamwambia baba, "hii umeitoa wapi?"

"Nilipewa, Mzee."

"Hii ni ya Elifuraha. Ilikuwa nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu yuko nani wa kukupa?"

Baba akatazama pembeni. Nilimtazama. Foleni nzima ilimtazama. Mkanda wa mashine ulikuwa bado unazunguka, na yeye akaenda kuuzima taratibu, akajifuta unga mikononi, akarudi kusimama pale pale.

Mzee Zakaria akachukua spana kubwa ya mabomba, akaweka gemu kwenye sakafu ya sementi, akaiponda. Hakupiga pigo moja la hasira. Alipiga kama mtu anayemaliza kazi aliyoizoea, akizunguka kutafuta kipande ambacho bado hakijapasuka.

Baba alilala mahabusu siku kadhaa. Kesi haikufika popote, kwa sababu polisi walipoomba kielelezo, Mzee ndiye aliyekuwa amekisaga. Watu wa Bonga walicheka sana hapo. Baba hakucheka. Kesi ingekwenda mbele, labda angeshinda au angeshindwa, tungejua. Ilivyofifia hivyo, akabaki mwizi ambaye hajahukumiwa, yaani mwizi wa maisha. Alifukuzwa kazi. Akafyatua matofali ya watu, akalimia watu, akabebea watu mizigo sokoni Babati, na kila alipoomba kushikishwa mashine tena, wenye mashine walikumbuka wana ndugu anayeisubiri nafasi hiyo.

Na kanisa nalo likamtenga. Vijana wengine hamjui maana yake, maana siku hizi mnahama makanisa kama mnavyobadilisha laini za simu. Kwetu, mtu aliyetenda kosa la wazi huwekwa pembeni. Anaruhusiwa kusali, lakini Meza ya Bwana haigusi mpaka asimame mbele ya usharika, akiri kosa lake, apokelewe. Tunaita kurudi kundini. Akifa kabla hajarudi, mchungaji hamziki. Ndugu watachimba, watafukia, wataimba wenyewe kama wanakumbuka maneno, na kengele haitagongwa.

Wazee wa kanisa walimwita baba. Akawaambia alipewa. Wakamuuliza na nani. Akanyamaza.

Alikaa benchi la mwisho karibu miaka arobaini. Meza ikiandaliwa alitoka nje, akasimama kwenye baiskeli za waumini kama mlinzi. Baiskeli zikaja zikawa pikipiki, na yeye yuko pale pale. Kuna mgeni mmoja aliwahi kumpa hela ya ulinzi. Baba akaipokea, akaiweka kwenye sadaka.

Mimi nilikusanya vile vipande. Nilivifunga kwenye kipande cha kanga nikatembea navyo mpaka Nangara kwa Fundi Gwandu, nikamwomba anitengenezee. Alikuwa mzee mfupi anayevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa redio. Akavigeuza geuza.

"Hii imekufa, binti."

Nikaanza kulia.

"Usilie juu ya meza yangu, maji ni adui. Kaa huku, nikuonyeshe imekufa kwa nini."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Kila likizo nikawa kwake. Chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya alikipasha kwenye jiko la mkaa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupepea. Nilijifunza kunusa. Nyinyi mna mita za kidijitali na video za mtandaoni, na mmoja wenu alinicheka akasema, "Mama, siku hizi hatunusi, tunaflashi programu." Poa. Lakini mashine iliyoungua ina harufu yake na iliyokojolewa na panya ina yake, na ukizichanganya utabadilisha kifaa kizima bure halafu umlaumu mteja. Nilijifunza kutopuliza vumbi kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu. Nilijifunza kwamba mende wa Babati wanapenda joto la kisanduku cha umeme kuliko jikoni. Siku moja niliweka mkono ndani ya mashine niliyodhani nimeichomoa, nikajikuta nimekaa chini ukutani, na Fundi Gwandu anaendelea kunywa chai.

"Umejifunza nini?" akauliza.

"Kuchomoa."

"Hapana. Kuhakikisha kwamba umechomoa. Kuchomoa ulikuwa unakujua."

Chuo nilisomea sosholojia. Nilirudi Babati na shahada ya kuelewa jamii, nikaitumia kufungua steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi na kutengeneza kompyuta za maofisa. Jamii haikuniuliza chochote kuhusu shahada. Iliniuliza kama kopi ni pande mbili.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo kazi yetu inapoharibu watu.

Fundi Gwandu alinifundisha kwamba mteja hasemi kweli. "Imezima yenyewe" ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko salamu. Hakuna mashine inayozima yenyewe. Mama mmoja wa ofisi aliniletea kibodi inayonata, nikamwambia, "Mama, humu mmemwagika chai." Akanikazia macho: "Hiyo si chai." "Ni nini?" "Ni uji." Watu wa namna hiyo hawana shida, wanajitetea mpaka wanajifunga wenyewe. Wa hatari ni anayenyamaza. Ukimuuliza mashine ilipatwa na nini akasema sijui, akatazama barabarani, huyo ndiye mwenye kosa. Fungua mbele yake uone anavyoanza kujikuna. Nilikuwa hodari wa hilo. Wasichana niliowaajiri walikuwa wakinong'onezana pembeni kabla sijaondoa skrubu ya kwanza: "Mama ameshamsoma huyo." Na kweli nilikuwa nimeshamsoma. Sikumbuki siku niliyokosea, na hilo lenyewe lilipaswa kunishtua.

Mnaona ninakoelekea. Baba aliulizwa, akanyamaza, akatazama pembeni. Hilo nililijua tangu darasa la tano, na kazi ikanipa maelezo yake. Sikumchukia. Nilimpenda baba yangu kama mtu anavyompenda baba aliyeiba kwa ajili yake. Niliwaza: aliona sisi tunaangalia chenga, akaona mtoto wa tajiri ana kidude kisichotumika kwa sababu yuko bweni, akakitia kwenye kiroba. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Nikaona mawazo yangu hayo ni ya huruma sana, ya msomi.

Baba akaugua tumbo. Nilimtoa Bonga nikamleta kwangu mjini. Hospitali walituambia tumpe anachopenda kula, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mama alikuwa ametangulia miaka mingi nyuma, akazikwa kwa kengele na kwaya ikaimba sauti nne. Baba alikuwa akisema mara kwa mara, bila kuomba chochote, "Ile kwaya ya mama yenu iliimba vizuri."

Nikaenda Bonga kwa mchungaji wake. Kijana mpole, rika la mwanangu wa kwanza.

"Mama, utaratibu si wangu," akasema. "Akikiri, hata kwa sentensi moja, hata akiwa amekaa kwenye kiti, tutampokea siku hiyo hiyo. Asipokiri, mimi nitakuja msibani kama jirani. Nitakaa kwenye viti vya nyuma na nitalia. Lakini joho sitavaa."

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa uani, amejifunika shuka begani, anaangalia kijana wa bodaboda akifunga mnyororo wa pikipiki.

"Baba, mchungaji anasema ni sentensi moja tu."

"Ipi?"

"Kwamba uliichukua."

"Nilipewa."

"Na nani, baba?"

Akarudi kwenye ule mnyororo. "Huyo kijana anaufunga kinyume," akasema.

"Baba, ni miaka mingi sana. Mzee Zakaria alishauza mashine akahama. Hakuna anayejali tena. Watu wanataka kukuzika vizuri."

"Mtu akisema kitu ambacho hakukifanya, si ndiyo uongo huo? Na wa kanisani?"

Hapo nikakosa subira, nikamjibu kwa ile sauti ya dukani, ya upole, ninayoitumia kwa wateja walioshindwa ubishi.

"Baba, mimi nilishakusamehe zamani."

Aligeuka. Kwa ule ugonjwa kugeuka kulimchukua muda, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama tangu nizaliwe. Sikuona hasira. Alionekana kama mtu aliyekuwa akihesabu watu wake gizani kwa kuwagusa, akafika mahali ambapo mkono haukugusa mtu.

"Kumbe na wewe, Paulina," akasema.

Nikamrudishia shuka begani.

"Basi mwite mchungaji."

Tulimpeleka kwa bajaji Jumapili, na mto mgongoni. Wakamwekea kiti mbele. Kanisa lilijaa, na wengi walikuwa vijana ambao hawakujua hata kosa ni lipi. Mzee wa kanisa akasimama na sauti ya kazi.

"Ndugu Bura, una neno gani kwa usharika?"

"Nilichukua," akasema baba.

"Ulichukua nini, ndugu?"

"Gemu."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa sauti, "Gemu gani?" na akafinywa. Baba alisubiri watulie. Mchungaji akauliza kama anatubu. Baba akasema, "Nimechoka," na mchungaji, Mungu ambariki, akaamua kwamba hiyo ni ndiyo. Akampa mkate na divai. Baba akavipokea, na alipomaliza akaangalia mlangoni kwa mazoea, kana kwamba pikipiki zimebaki bila mtu.

Hakumaliza mwezi. Mazishi yalikuwa mazuri. Kengele iligongwa, kwaya iliimba sauti nne, mchungaji alivaa joho, na mahubiri yakawa juu ya mnyang'anyi aliyesamehewa msalabani. Watu walinishika mkono wakaniambia nimemtendea mzee jambo kubwa. Nilikubali. Kwa kweli nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama nimefunga mashine ngumu na skrubu zote zimetosha.

Wiki chache baadaye nilikuwa dukani mchana, nafungasha vifaa kwa ajili ya mnunuzi. Simu ikaita, namba ngeni. Nikajua ni mteja.

"Haloo. Imezima yenyewe?"

Ikajibu sauti ya bibi, ya chinichini.

"Ni Paulina wa Bura?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi Mama Elifuraha. Mke wa Mzee Zakaria. Utanikumbuka?"

Nikakaa kwenye boksi. Nikamwambia namkumbuka.

"Pole kwa msiba. Namba yako nimeipata kwa mama mmoja wa kwaya." Akapumua. "Amenieleza kwamba mzee alisimama kanisani."

"Ndiyo, mama. Alirudi kundini."

"Alisema nini?"

"Alisema aliichukua."

"Na nini kingine?"

"Hivyo tu."

"Hakutaja mtu?"

"Angemtaja nani, mama?"

Nilisikia anatembea, mlango unafungwa, kuku wanalia karibu na simu. Alipoongea tena alikuwa nje.

"Hakuchukua. Nilimpa mimi. Elifuraha alikuwa amefeli mtihani, baba yake akampiga kwa waya wa kile kidude mpaka mtoto akawa hageuzi shingo. Nikaona siku moja atamuua kwa sababu ya kile kitu. Baba yako alikuja kuchukua dizeli. Nikampa kupitia mlango wa nyuma, nikamwambia, Baba Paulina, kitoe humu ndani, wape watoto wako, na usiseme umekitoa wapi, nitauawa. Akakitia kwenye kiroba. Akasema, haya mama."

Nikaibana simu sikioni.

"Walipomkamata nilimpelekea chai kituoni. Nilimwambia, naenda kusema. Nakuapia, mwanangu, nilikuwa nimeshafunga kitenge, nilikuwa tayari. Akaniambia, mimi hapa nitatoka, lakini wewe jioni utarudi kulala naye. Nenda nyumbani." Alikuwa analia sasa, kwa kubana, kama mtu aliyezoea kulia bila kusikika. "Nikaenda nyumbani."

"Mama," nikamwambia, "mbona hukupiga simu alipokuwa hai? Miaka yote hii?"

"Mzee yupo."

"Bado yupo?"

"Kiharusi kimemchukua miguu. Mikono ni mizima."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanaume, nzito, haina haraka, inauliza yuko nje na nani.

"Mtu tu," akamjibu, na sauti yake ikabadilika ghafla ikawa nyepesi, ya furaha kabisa. "Amekosea namba." Na simu ikakatika.